Amewahi Kuzimia?

Mimi sijawahi kushikwa nikidanganya. Muulize yeyote Marereni, hata mwalimu wangu wa kidato cha tatu, aliyeniruhusu kwenda kumzika bibi yule yule mara mbili.

Kwa hivyo mama alipotaka mtu wa kumpeleka dada Kahonzi hospitali Malindi na kumsemea kwa daktari, alinichagua mimi.

"Karisa, useme anakosa pumzi. Ya kuzimia usiyataje. Watu watasema ana kifafa, na Jumamosi wakwe wanaleta kibuyu cha tembo la mnazi, cha posa."

Kahonzi amekwangua chumvi kwenye mashamba ya kuikausha miaka minne. Tangu mwaka jana, akipiga hatua ishirini anasimama kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Nilimbandika jina, Bibi Harusi Mvivu. Zahanati walimpima presha mkononi, wakaikuta sawa, wakampa dawa ya pumu. Basi nikazidi kumcheka.

Mwaringa, mchumba wake, dereva wa lori la chumvi, aliazima gari la mjomba wake, Probox, akatupeleka. Nilimwambia ni kikohozi tu. Tukamwacha nje akitafuta pa kuegesha.

Daktari Bridgit, mwanamke wa bara asiyechekeshwa na chochote, alimpiga Kahonzi picha ya moyo, akatuonyesha kwenye kioo cha mashine. Upande wa kulia ulikuwa umevimba, unapiga kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani.

"Si presha yake ilikuwa sawa?" nikauliza.

"Ya mkono ni sawa. Hii iko kwenye mishipa ya mapafu, na kile kipimo cha mkono hakiioni. Hata picha hii inakisia tu. Ili tuwe na hakika, lazima apitishwe mpira mwembamba kwenye mshipa mpaka moyoni, tuisome presha yenyewe humo ndani. Wastani ukipita ishirini, ndiyo presha ya mapafu. Kisha tutafute kinachoileta."

"Mpira mpaka moyoni? Daktari, hata mchumba wake hajafika huko."

Daktari hakucheka. Kahonzi alijaribu kucheka, akapaliwa, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Utani ukanikauka mdomoni.

"Kipimo hicho ni Nairobi, na foleni ni ya miezi," daktari akasema. "Waliowahi kuzimia wanatangulizwa, maana moyo wao umeanza kushindwa. Wengine wanafia kwenye foleni." Akashika kalamu. "Amewahi kuzimia?"

Kahonzi alinitazama. Pumzi ya kusema hakuwa nayo. Macho yake yaliniomba, lakini niseme au ninyamaze, sikujua. Nikaona uso wa mama, nikaona kibuyu.

"Hapana, daktari. Hata siku moja."

Kalamu ikaanza kuandika. Nilitaka kuikamata, nilitaka kupiga kelele, na ulimi wangu, ulimi huu usiolala, ukalala.

Mlango ulikuwa wazi. Mwaringa alikuwa amesimama pale na chupa ya maji, na ndara ambazo Kahonzi alizivua garini kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

"Shemeji," alisema polepole, "Jumanne nilikuwa kwenye lori, napakia chumvi. Ni nani yule aliyekuwa akikimbia na Kahonzi mgongoni, huku analia, 'Dada amka, sitakucheka tena'?"