Mteremko wa Daeng Mappa

Nimefundisha hesabu miaka tisa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunichosha kama kaka yangu mkubwa, Mappa, ambaye kwa heshima namwita Daeng, mwezi ule alipojenga njia ya mbao mbele ya nyumba ya mama.

Nyumba yetu imesimama juu ya nguzo, kama nyumba zote za Wabugi wa kijijini kwetu. Indo, mama yetu, alipokatwa mguu kwa sababu ya sukari, hakuweza tena kushuka ngazi. Mappa akataka ahamie kwake mjini Makassar, kwenye nyumba ya tofali isiyo na ngazi. Indo akakataa katakata. Mwishowe wakapatana: Mappa amjengee njia ya kiti cha magurudumu. Akiweza kushuka na kupanda mwenyewe bila kushikwa, anabaki. Asipoweza, anahama.

Sakafu iko mita moja na nusu kutoka ardhini. Mappa akaanzisha njia yake mita tatu tu kutoka mlangoni. Indo alishuka mara moja, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye banda la kuku na kulibomoa. Hakuumia, ila alitukana sana. Kupanda ndiyo kabisa, hakufika hata robo.

"Daeng, hii imesimama mno," nikamwambia. "Kila ukienda mita mbili, unapanda moja."

"Nitazipiga randa mbao, ziwe laini."

"Shida si ulaini. Mteremko ni umepanda kiasi gani, gawanya kwa umekwenda mbele kiasi gani. Kimo cha nyumba hatukipunguzi, kwa hiyo refusha huku chini."

Akanitazama kama mbuzi anayesikiliza redio.

"Haya, ule mlima wa sokoni," nikaendelea. "Barabara ya zamani imenyooka, pikipiki yako inalia mpaka inatia huruma. Ile mpya inazunguka mbali, unapanda huku unavuta sigara. Kilele ni kilekile. Kilichobadilika ni nini?"

"Lami," akasema.

Nilitoka kupunga upepo nisije nikamvunjia heshima mkubwa wangu. Niliporudi nikapindua ndoo, nikaegemeza juu yake ubao mfupi, nikaachia limau. Likaruka mpaka chini ya nyumba. Nikaegemeza ubao mrefu kwenye ndoo ileile, nikaachia lingine, likashuka taratibu kama mtu anayetoka msikitini.

"Umeona sasa?"

"Hilo la pili limeiva zaidi."

Jamani. Watoto wa kidato cha pili wanalielewa hili kabla ya kengele ya chai.

Siku iliyofuata akaja na kisingizio kipya: nafasi haipo. Na kweli, kutoka mlangoni hadi barabarani ni mita sita, kushoto kuna kisima, kulia ukuta wa jirani. Nyuma kuna migomba, lakini Indo alishasema hashuki kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa kuku.

"Basi sogezeni nyumba," Indo akasema kutoka dirishani, kama anayeomba chumvi.

Nikapiga hesabu papo hapo. Tukiirudisha nyuma mita kumi na mbili, tunapata kumi na nane. Kila mita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda. Mikono ya Indo ingeweza hiyo. Kuisogeza si ajabu kwetu: wanaume wanafunga mianzi kwenye nguzo, wanaibeba nyumba mabegani, wanatembea nayo.

"Itavunjika," Mappa akasema. "Ni nzee hii."

Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na bila kauli yake hakuna ambaye angeigusa hata nguzo moja. Nilimchukia siku hiyo, sitaficha. Indo angehamishwa kwake kwa sababu ya kichwa kigumu cha mtu mmoja.

Jumapili akapanda kuziba paa la jikoni lililokuwa linavuja. Ndiyo kazi yake huko Makassar, kuezeka mabati. Aliposhuka akajifuta jasho.

"Nimeinua upande ule kidogo," akasema. "Aliyeezeka alirefusha mabati bila kuongeza kimo. Mteremko ukilala hivyo, maji yanarudi ndani."

Nikaweka chini sufuria niliyokuwa nasugua.

"Rudia."

Akaanza kupanga misumari kwenye kopo.

"Daeng, kumbe unajua."

"Najua tangu siku ya kwanza, Tenri. Nikikubali kwamba nimeelewa, Indo anabaki. Akianguka humu ndani, nani atamsikia? Wewe unafundisha Sengkang, mimi niko Makassar."

"Si ungesema?"

"Nilisema. Mlicheka, mkasema nina woga wa kike."

Hasira yote ilinitoka, na nilitamani irudi, maana aibu iliyobaki iliuma vibaya zaidi. Nyuma yetu magurudumu yakalia sakafuni. Indo alikuwa mlangoni, na alikuwa amesikia.

"Nyumba inasogezwa Ijumaa baada ya swala," akasema. "Mappa, wewe ndiye utakayewahesabia wabebaji wakati wa kuinua."

Wakaja wanaume wa kijiji kizima, wakala barongko za Indo, ndizi zilizopondwa na kupikwa katika jani la mgomba, wakaingia chini ya mianzi. Mappa akahesabu kwa sauti iliyokwaruza, na nyumba ikaondoka na kurudi nyuma mpaka kwenye migomba. Akaiweka njia mpya mwenyewe, akaipima mara mbili, bila kupunja hata kidole.

Indo alishuka, akageuza kiti, akaanza kupanda. Mappa alimfuata nyuma, mikono mbele, bila kumgusa. Katikati Indo alisimama akihema, ameshikilia magurudumu. Mikono ya Mappa haikusogea. Kisha kiti kikaondoka tena, mpaka juu.

Mappa akakaa palepale kwenye mbao, akalia mbele za watu kama aliyefiwa.

Indo hakumbembeleza.

"Gari lako la Makassar linaondoka saa kumi," akamwambia. "Njoo ule kwanza."