Nyuma ya Bega la Casimiro

Jumapili ile, kama Jumapili zote za miaka kumi na moja iliyopita, Herminia alikaa kwenye kibanda cha mabati pembeni ya uwanja, na sanduku la barafu, chupa ya kahawa na tortilla, chapati nyembamba za ngano, alizozikunja asubuhi, akimtazama mumewe, Casimiro, akikosa shabaha.

Mtu asiyeujua mchezo ule angesema ni mambo ya watoto. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, wamejipanga mstari na bastola za upepo, wakiwalenga wanyama wa chuma wasiozidi kiganja, waliosimamishwa juu ya reli. Kuku kwanza, kisha nguruwe pori, kisha bata mzinga, mwisho kondoo dume, kila kundi mbali kuliko lililotangulia, watano watano. Unaanza kushoto unamalizia kulia, huruki. Na mnyama lazima aanguke. Akitikisika akabaki, umekosa. Akigeuka akakuonyesha mkia, umekosa, na juu ya hayo amekucheka. Lakini nenda kawaambie watu wa Magdalena, mji huu wa kaskazini mwa Meksiko, kwamba ni mchezo wa watoto, halafu uone kama utapewa nyama.

Kila mlengaji anaruhusiwa mtu mmoja wa kusimama nyuma yake na darubini, amwambie risasi imetua wapi. Kwa miaka kumi na tisa mtu wa Casimiro alikuwa Herminia. Alisimama hatua mbili nyuma ya bega lake la kulia, na kwa sauti ya chini, ile ambayo hata nyumbani hakuitumia, alimwambia: "Chini ya tumbo. Panda kidogo." Au: "Imepita mbele ya pua. Rudi kushoto." Casimiro hakuwa mtu wa maneno. Alitengeneza pampu za maji mashambani, akarudi, akala, akasema gesi inakaribia kwisha. Mazungumzo ya ndoa ile yalifanyika pale, nyuma ya bega, Jumapili kwa Jumapili, na Herminia hakuhitaji mengine.

Kisha ikaja ile siku ya Hermosillo, mji mkuu wa jimbo. Fainali ya jimbo, bata mzinga. Zamu ilikuwa ya wa tatu, Casimiro akampiga wa nne. Akaanguka vizuri kabisa, kwa mlio mzuri, ila hakuwa wake. Mwamuzi, Don Eleuterio, alikuwa ameinamia karatasi. Aliinua kichwa akamuuliza Herminia, kwa jina la heshima alilozoea kumwitia, "Doña Mina, ni yupi huyo aliyeanguka?" Herminia akasema lililokuwa kweli: wa nne. Casimiro alishindwa kwa mnyama mmoja, na kombe likaenda kwa rafiki yake Fidencio.

Casimiro hakumgombeza mkewe. Laiti angemgombeza. Njia nzima alitazama barabara, na Jumapili iliyofuata, alipokuwa akishusha vyombo kwenye gari, alisema, "Leo pumzika kivulini, mama. Jua kali." Jumapili ya pili akasema hivyohivyo. Ya tatu hakusema, kwa kuwa Herminia alikwishakwenda kivulini mwenyewe. Miaka kumi na moja mtu anakaa hatua thelathini kutoka alipo mumewe, na hatua zile thelathini hazivukiki. Binti yao alipopiga simu kutoka Tucson, ng'ambo ya mpaka wa Marekani, aliuliza, "Baba na mashindano yake?" Herminia akajibu, "Anaendelea." Angesema nini? Kwamba ana mume na hana?

Wakati mwingine, akiosha sahani, alijikuta akisema peke yake, "Panda kidogo, mzee." Kisha akacheka, na kicheko hakikufika mbali.

Kwa miaka hiyo Casimiro alilenga bila mtu nyuma. Mpwa wake alimshikia darubini kwa muda, akahamia ng'ambo ya mpaka kutafuta kazi, basi. Wengine walijitolea, akawakataa kwa adabu. Alijifunza kusikiliza: chuma kikipigwa tumboni kina mlio wake, kikipigwa miguuni kina mwingine, na risasi iliyokosa inaingia kwenye tuta la mchanga kwa mlio kama wa mtu anayetema mbegu. Kwa masikio hayo alijikokota, hadi mwaka huu mtoto wa jicho alipomfunga vizuri. Bastola aliiona, mnyama alimwona kwa ukungu, lakini risasi ilikotua hakukuona kabisa. Daktari alimwambia afanyiwe upasuaji. Casimiro akasema baada ya mavuno, yeye ambaye hakuwa na shamba hata la vitunguu.

Siku hiyo walibaki wawili wenye matumaini, yeye na Fidencio. Fidencio alikuwa ameshamaliza, wanyama kumi na sita kati ya ishirini, na sasa alikaa kwenye mlango wa nyuma wa gari lake, uliolazwa, akila mbavu.

"Kaka, usikimbie," alimwita Casimiro. "Hao ni wa chuma, hawaendi popote. Mimi mwenyewe niliwahakikishia wasikuogope."

"Kula mbavu zako," Casimiro akasema.

"Nakula. Nakula na zako."

Casimiro alikuwa ameangusha kuku watano, nguruwe wanne, na bata mzinga watatu tu. Kumi na wawili. Walibaki kondoo. Akiwaangusha wote watano anapata kumi na saba, anashinda kwa mmoja. Lakini kondoo ndio wa mbali, na wale bata mzinga wawili waliomponyoka hakujua walimponyokea juu au chini. Herminia alijua. Hata bila darubini, kutoka kibandani, alijua ni juu, maana mumewe akichoka huinua kidevu.

Casimiro alisimama kwenye mstari muda mrefu akiichezea pampu ya bastola. Kisha akageuka, akaja kibandani. Herminia alidhani anataka kahawa, akaanza kufungua chupa.

"Mina," alisema. "Ile darubini ipo?"

Ilikuwepo. Ilikuwa chini ya kiti cha gari, ndani ya soksi, na kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja alikuwa ameifuta vioo. Hilo hakumwambia.

"Ipo."

"Basi njoo."

Alizivuka zile hatua thelathini, na mtu wa miaka sitini na sita akajirekebisha nywele njiani kama bibi arusi. Tusimcheke. Aliposimama nyuma ya bega la kulia alisikia harufu ya mafuta ya pampu na sabuni aliyoifulia lile shati yeye mwenyewe, akataka kulia, akaamua kulia kungeharibu kioo.

"Tayari," Don Eleuterio akaita. "Dakika mbili. Anza."

Kondoo wa kwanza alianguka. "Katikati," Herminia akasema. Sauti ile ya chini ilitoka yenyewe, kana kwamba ilikuwa imekaa mlangoni na viatu mguuni. Wa pili alianguka. "Juu ya mgongo, umemkwangua. Shuka kidogo. Shusha kidevu." Casimiro akashusha kidevu. Wa tatu. Wa nne. Fidencio aliacha kutafuna.

"Mmoja tu, mzee," Herminia akanong'ona. "Taratibu."

Wakati huo moshi wa nyama ulikuwa umewafika, na Don Eleuterio, ambaye uamuzi ulikuwa kazi yake ya pili na nyama ya kwanza, aligeuza shingo. "Nyie, geuzeni hizo! Mnachoma mkaa au mnachoma ng'ombe?"

Casimiro akapiga.

Kwenye darubini Herminia aliona kila kitu. Risasi ilimpata kondoo kwenye kwato. Kondoo akazunguka robo, akaonyesha mkia, akabaki. Kondoo alisimama pale mkaidi, mdogo, mweusi. Ndipo ukaja upepo kutoka upande wa milima, ule wa mchana unaobeba vumbi, ukampitia, kondoo akayumba na kuanguka nyuma ya reli.

Mnyama aliyeangushwa na upepo ni wa upepo. Kila mtu pale alilijua hilo kama jina lake.

Don Eleuterio alirudisha shingo, akaiona reli tupu. Akamtazama Herminia, kwani mshika darubini ndiye anayeulizwa jicho la mwamuzi linapopotea.

"Doña Mina. Kaanguka kwa risasi?"

Herminia alilitazama bega lililokuwa mbele yake. Aliiona barabara ya Hermosillo, na Jumapili mia tano na zaidi za kivuli. Safari hii hakutaka kukosea. Safari hii alijua ukweli unauzwaje na unagharimu nini.

"Kwa risasi," akasema.

Fidencio alishuka kwenye gari, akaanza kupiga makofi, kwa kuwa alikuwa mshindani wa kweli. Don Eleuterio akashika kalamu. Casimiro aliiweka bastola mezani, mdomo ukielekea kwenye shabaha, akakaa nayo kidogo mkono ukiwa juu yake.

"Usiandike," alisema.

"Nini tena?"

"Chuma kimelia miguuni. Nikavuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo kikaanguka. Risasi haichelewi hivyo. Huo ni upepo, Eleuterio. Andika kumi na sita."

"Lakini Doña Mina kasema..."

"Doña Mina jua limempiga," Casimiro akasema, na alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Herminia.

"Basi ni sare," Fidencio akasema. "Twende risasi za ziada, kaka."

"Chukua wewe. Macho yangu yamechoka."

Kwenye gari Herminia alivumilia hadi mwisho wa mashamba ya alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe. Kisha hakuweza tena.

"Nilidhani ndilo ulilotaka," alisema. "Siku ile nilisema kweli, ukaniweka kivulini miaka kumi na moja. Leo nikasema ulichotaka. Sasa nifanye lipi?"

Casimiro alipunguza mwendo, akaliegesha gari kando, akazima. Aliongea akiutazama usukani.

"Sikukuweka kivulini kwa sababu ya kusema kweli, Mina."

"Kwa nini basi?"

"Siku ile nilijua. Risasi ilipotoka tu nilijua nimempiga wa nne. Nikamwona Eleuterio kainamia karatasi, nikanyamaza. Nikasema moyoni, labda itapita. Ndipo ukasema wewe. Mke wangu kasema, na mimi nimesimama pale na mdomo umefungwa." Alijifuta uso. "Niliona haya. Ningesimamaje tena mbele yako, na wewe nyuma unaniona mgongo mzima?"

"Ungeniambia."

"Kweli, ningekuambia."

Lori lilipita, gari likatikisika.

"Nilikuwa nikingoja," Casimiro akaendelea. "Nilijiambia, siku moja itatokea risasi kama ile, na Mina akiwa nyuma, na mimi nitasema mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Leo ulinitangulia tena."

Herminia aliuchukua mkono wa mumewe uliokuwa juu ya gia, naye Casimiro akaacha uchukuliwe. Baadaye aliwasha gari, akautoa, kwa kuwa alihitaji kubadili gia.

Jumapili iliyofuata Casimiro mwenyewe ndiye aliyeitoa darubini kwenye soksi. "Njoo, mama," alisema, na kwenye kibanda hakukuachwa kiti. Herminia akasimama mahali pake, hatua mbili, bega la kulia. Hakukuwa na mashindano, ni mazoezi tu, na Don Eleuterio alikuwa kwenye mstari wa pili akiwapaka wanyama rangi upya.

Kuku wa kwanza alianguka. Wa pili akabaki.

"Juu," Herminia akasema kwa sauti ile ya chini. "Imepita juu ya kishungi, upana wa kidole. Shuka."

Casimiro aliinua bastola, akaishusha tena bila kupiga. Kisha akageuza kichwa, si kwake, upande wa pili, na akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa:

"Eleuterio, samahani. Hebu niangalizie. Imepita juu?"

"Juu," Don Eleuterio akajibu kutoka kule, brashi mkononi. "Kidole kimoja."

"Ahsante," Casimiro akasema, akashusha mkono kidogo, akalenga. Katika ile miaka kumi na tisa hakuwahi kumwuliza mtu wa pili. Herminia aliendelea kuweka jicho kwenye darubini, ingawa kwa muda hakuona kitu.