Kosta ya Kifuani

Jumanne, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Ndelilio alipanga ndizi mbivu na maparachichi juu ya meza yake pale stendi ya Bomang'ombe, nyuma kabisa ya Kosta ya Praygod, kama alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja. Ekzosi, bomba la moshi la gari, iliitazama meza. Dereva Praygod hakuzima injini tangu alfajiri mpaka jua lizame, maana stata ilikuwa mbovu, na gari likizimika lilitaka wanaume sita wa kusukuma. Mwenye gari alikaa Moshi mjini na hakuwahi kulisukuma.

Mteja wa kwanza aliuliza bei ya parachichi. Ndelilio akafungua mdomo, ukatoka mngurumo wa dizeli: mapigo matatu, matatu, kisha linaruka la nne. Bei ilikuja nyuma yake. Stendi nzima iliijua injini hiyo. Hellen, muuza chai wa meza ya pili, aliitazama Kosta, kisha akamtazama jirani yake.

"Mama Gladness, umemeza gari la watu," alisema, akaendelea kumimina chai.

Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya huko kwao Machame, mwalimu Filemon alisikiliza kidogo, akamhamisha kutoka sauti ya kwanza hadi besi. Besi walikuwa wachache. Ndelilio aliimba sauti ya kwanza tangu kipaimara, na jambo hilo lilimuuma, ila alichukua kitabu chake akaenda kukaa na wanaume.

Hospitalini daktari alimuuliza kama anavuta sigara. Hakuwahi. Kuni? Nyumbani walipikia gesi ya samadi. Daktari akainua picha ya eksirei dirishani. Katika pafu la kushoto Kosta ilikuwa imeegeshwa, mlango wazi, konda amesimama mlangoni, na ndani abiria wawili wamekaa.

"Itaondoka?" Ndelilio aliuliza.

"Mama, wewe ndiye mtu wa stendi. Kosta huondoka lini?"

"Ikijaa."

"Basi."

Ndelilio aliogopa; ikiondoka, ingeondoka na pumzi yake. Daktari alimwandikia dawa ya maji, akamshauri akae mbali na ule moshi. Lakini abiria hununua ndizi wakisubiri gari lijae, na mbali na gari hakuna mnunuzi ila mbuzi. Akamwomba Praygod azime.

"Stata, Mama Gladness. Nimeshamwambia tajiri."

Mwezi wa sita abiria kwenye picha walikuwa kumi na mmoja. Mwezi wa tisa walikuwa ishirini na sita, na viti viwili vitupu. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbe hujaza hata Kosta. Njia ya kupandia nyumbani, ambayo zamani aliipanda na tenga kichwani huku akimgombeza mtu, sasa aliipumzikia kwenye mageti matatu. Alitaka kitu kimoja tu, gari lile lizimwe kabla halijajaa.

Habari zilimfikia Praygod. Hakuwa mtu mbaya. Jumapili baada ya ibada alipanda Machame, akaegesha getini, akaingia uani ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Huko mlimani hakuna anayehitaji kufundishwa jambo hili: ukiletewa isale unasamehe, hata kama ni damu. Bibi Eliona, mama mkwe wa Ndelilio, akatoka kuwa shahidi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huo mngurumo ni wa mkwe wangu au wa gari lako?"

"Wa wote wawili, Bibi."

"Mwenye kuleta isale huwa ameshaacha kosa. Kazime gari kwanza."

"Nikizima, nani atasukuma?"

"Huku ni mteremko, mwanangu. Liachie lishuke, litawaka."

Praygod alifikiri. "Kweli," alisema. "Sikuwahi kuliwaza hilo." Lakini isale alikuwa amelishika kwa mikono miwili, na wa tatu wa kuzimia gari hakuwa nao. Akabaki amesimama.

Hasira ilimpanda Ndelilio, ikafika kooni, ikakuta injini imetangulia. Alitamani kukataa. Isale halikataliwi. Akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. Ulitoka mngurumo kwanza, mapigo matatu, matatu, ukaruka la nne, na neno likaja nyuma yake, jembamba. Getini gari lilinguruma kwa mapigo yaleyale. Praygod alishukuru kwa moyo, akanywa glasi ya maziwa, akaondoka. Bibi Eliona alilichomeka isale kwenye ua.

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro Ndelilio alipanga meza yake. Ekzosi iliitazama.

"Umemsamehe?" Hellen aliuliza.

"Nimemsamehe."

"Umefanya vizuri."

Karibu saa tatu, wakati mteja akichagua parachichi, Ndelilio alisikia mtu ameketi kifuani mwake, upande wa dirisha. Kisha konda wa ndani akapiga bodi mara mbili, akaita: "Mmoja! Mmoja tunaondoka!"

Ndelilio alilichukua parachichi mkononi mwa mteja, akalibonyeza taratibu.

"Hili bado," alimwambia. "Litaiva Alhamisi."