Mwenyeji wa Matombo

Kiberiti kilikwaruza mara mbili gizani. Njiti ya tatu ikashika. Umeme wa Mwembesongo ulikuwa umekatika tangu adhana ya magharibi, na Mwaisha alikuwa na kazi ya madam Josephine: sentensi tano za Kiingereza kumhusu mtu mmoja mwema, zenye tashbihi, sitiari na tashihisi, na zisiwe na kosa hata moja la sarufi. Akausimamisha mshumaa juu ya kisosi, akafungua daftari.

"Atakayeniletea tena mwanaume anayeitwa 'she', namrudisha darasa la tatu," madam alikuwa amewaonya kwenye masomo ya jioni. "Kiswahili kimetudekeza. Yeye ni yeye, awe babu awe bibi. Kiingereza kinauliza kwanza: huyo ni nani?"

Mtu mwema hakumpa taabu. Mumewe, Mansuri, alipanda milimani Matombo kila wiki kununua ndizi na mdalasini. Alilala huko siku mbili, na kila akirudi alikuja na salamu. Mwenyeji wangu kakuletea fenesi. Mwenyeji wangu anasema usome kwa bidii. Mwaisha alimwona kichwani mzee mmoja wa Kiluguru, mpole, mwenye mvi. Mwezi wa Ramadhani uliopita alimdarizia hata kofia, kwa mkono wake, mpaka macho yakamuuma.

Akaandika: "He is like a big tree."

Bintiye Hafidha, wa miaka sita, aliyejifunza Kiingereza kwa kudandia masomo ya mama yake, akaliinamia daftari. Likizo hii ndiyo kwanza alikuwa amepanda Matombo na baba yake.

"Umekosea, mama. Siyo 'he'. Mwenyeji ni 'she'."

"'She' ni mwanamke, mwanangu."

"Si ndiyo! Nywele hizi si kanisuka yeye?"

Kalamu ikasimama. Mansuri, aliyekuwa akila mkekani, akaacha kutafuna.

"Mtoto anachanganya," akasema.

"Hachanganyi. Nimemfundisha mwenyewe."

"Mama Hafidha, mimi sijawahi kukudanganya. Nilisema mwenyeji. Kwani mwanamke hawi mwenyeji?"

Hapo ndipo palipomkata Mwaisha maini. Kweli, Mansuri hakuwa amedanganya. Miaka miwili alijilalia raha mustarehe ndani ya neno moja, na Mwaisha ndiye aliyemtandikia, kwa salamu, kwa chapati za kufungasha, kwa kofia.

"Na ile kofia anavaa nani?"

Mansuri akaitazama sahani. "Kaka yake."

Mwaisha akacheka, kicheko kifupi kilichomuuma kifuani.

"Nisikilize, baba Hafidha. Sipigi kelele, majirani wasije wakafaidi. Nataka sentensi moja tu. Iwe na kiima, iwe na kitenzi, isiwe na pambo. Yule ni nani kwako? Ukiitoa kwa kinywa chako, tutajua pa kuanzia."

"Shetani alinipitia, mke wangu."

"Shetani hana bodaboda ya kukupandisha Matombo kila Jumanne."

"Moyo ulinishika mkono ukanipeleka."

"Moyo una mikono? Tashihisi."

"Nilikuwa kama mtu aliyelogwa."

"Tashbihi."

"Wewe ndiye nguzo ya nyumba hii, wallahi."

"Sitiari. Na nguzo haiulizi maswali, ndiyo maana umenifanya nguzo."

"Mwaisha..."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Hafidha azaliwe. Mwaisha akasubiri. Alimpenda hata sasa, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Sehemu fulani yake, ile inayopenda kusoma, bado ilitumaini kwamba sentensi itatoka, na kwamba sentensi ikishatoka kweli, mtu anaweza kuisahihisha.

"Unajua," Mansuri akasema, "mambo yaliingiliana tu."

"Mambo ndiyo kiima? Wewe uko wapi kwenye sentensi?"

Mansuri akasogeza sahani, akanawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, kana kwamba jibu lilikuwa limenasa kwenye kucha. Maji yakaisha kwenye jagi. Bado akawa anasugua.

Hafidha aliwatazama, huyu kisha huyu. Hakupenda swali likae bila mwenye kulijibu. Akasimama wima, mikono nyuma, kama shuleni.

"Mama, kule Matombo nina mdogo wangu."