Mashine Isiyotaka Kusomewa

Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa aina ambayo walimu huisifu hadharani na kuikimbia faraghani. Tukiambiwa tuandike mistari mitano, mimi huandika kumi. Mwalimu akiuliza kama kuna swali, wenzangu hufunga madaftari kwa huzuni, kwa maana wanajua kwamba lipo, na ni langu. Darasani kwetu, darasa la watu wazima watupu, jina langu ni Mama Swali.

Basi pima mwenyewe fedheha yangu nilipolala katikati ya mtihani wa majaribio. Sikusinzia; nililala fofofo. Shavu langu lilitua juu ya swali la nne, na nilipoamshwa nusu ya jibu ilikuwa imehamia usoni. Mlinzi wa ghala, anayekaa nyuma yangu, hakuniachia nafasi hata ya kujifuta.

"Mama Swali, mimi ndiye ninayekesha lindoni, halafu wewe ndiye unayekoroma! Mwenzio nimeshindwa hata kusikia nilichokuwa nafikiri."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu wetu, mwanamke kijana anayelingana na binti yangu wa kwanza, hakucheka. Baada ya kipindi alinibakisha.

"Mama, mtihani wenyewe ni baada ya wiki sita," aliniambia. "Ni saa mbili kamili. Ukilala tena, utasubiri mwakani. Nenda hospitali, tafadhali."

Mwakani isingenisaidia. Mimi ni mpiga pasi katika duka la kufulia nguo, na kwa miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya mvuke kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Msichana wa mapokezi alikuwa anaolewa na kuhama. Mwenye duka alikuwa ameniahidi kwamba nikimletea cheti kabla msichana huyo hajaondoka, nafasi ile ni yangu: kukaa kwenye kiti, kuandika majina ya wateja kwenye vikaratasi, na kuvibana kwenye nguo zao. Kiti hicho nilikuwa nimeshakikalia mara mbili wakati wa chakula cha mchana, kwa siri, kujua tu kinavyokaliwa.

Hospitali walinilaza usiku mmoja nikiwa nimebandikwa nyaya mwili mzima, na asubuhi daktari akanieleza kwamba nikiwa usingizini pumzi yangu hukatika mara thelathini na nne kwa saa. Nilipomweleza mume wangu, alishika kichwa.

"Kumbe kile kimya ulikuwa hupumui? Mama watoto, mimi nilikuwa nashukuru!"

Nilipewa mashine yenye ukubwa wa mkate, yenye mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. Muuguzi wa kliniki ya usingizi alinifafanulia kwamba mashine husukuma hewa ili koo lisijifunge. Nilipaswa kuivaa kila usiku, tena nianze kuivaa kabla ya kulala, nikiwa nasoma au natazama televisheni, ili niizoee. Niliyaandika yote kwenye daftari. Aliniuliza kama nina swali. Nilikuwa na kumi na moja.

"Rubani, tunaruka saa ngapi?" mume wangu aliuliza usiku wa kwanza. Usiku wa pili nilikuwa tembo. Wa tatu akawa ameishiwa wanyama, akageukia ukutani.

Sasa, mwalimu alikuwa ametuagiza kwamba kila siku kabla ya kulala tusome kwa sauti kwa dakika ishirini. Muuguzi naye alikuwa amesema nisome nikiwa na barakoa. Mwanafunzi mwingine angeona kwamba maagizo haya hayakai nyumba moja. Mimi niliyaunganisha kwa fahari. Nilijifunga barakoa, nikafungua kitabu cha hadithi ya mkulima na punda wake, nikafungua na mdomo.

Hewa iliyoingia puani ilikuta mlango mwingine uko wazi, ikatoka nao. Kila neno lilinitoka likiwa limevimba. Mkulima alipomwita punda wake, alimwita kwa kimbunga, na ukurasa ukajifunua wenyewe kabla sijafika chini.

"Unasoma au unapuliza jiko?" mume wangu aliuliza kutoka chini ya shuka.

"Nasoma!" nilijibu, na nywele zake chache zikapepea.

Niliendelea hadi usingizi ukanichukua nikiwa nimeachama, kitabu kifuani. Asubuhi ulimi ulikuwa mkavu kama gunia, na kwenye kioo cha mashine palikuwa na uso mdogo mwekundu ulionuna. Mtu mwenye busara angempigia simu muuguzi. Mimi niliutazama uso ule na kuelewa kwamba nimepewa alama mbaya katika kusoma. Usiku uliofuata nikasoma kwa dakika arobaini, kwa sauti kubwa zaidi, na nikaikaza mikanda ya barakoa mpaka mashavu yakabaki na mifereji. Uso ukanuna vilevile. Nikaongeza sura nzima.

Wiki mbili zilipita hivyo. Nikaunguza kola ya shati jeupe, nikasinzia tena darasani, na mwalimu akaacha kunitazama usoni, jambo lililoniuma kuliko dhihaka zote za mlinzi. Nilirudi kliniki nikiwa nimeibeba mashine kwenye mfuko wa sokoni kama kuku mgonjwa.

Muuguzi alisoma kumbukumbu za mashine, akakunja uso.

"Hewa inavuja tangu saa tatu hadi alfajiri. Saa tatu huwa unafanya nini, Mama?"

"Nasoma, kama ulivyoniagiza."

"Kusoma hakuvujishi hewa."

"Nasoma kwa sauti. Nina mtihani."

Aliweka kalamu chini. "Kwa nini usisome kimya?"

Swali hilo lilikuwa halijawahi kunijia, mimi Mama Swali. Darasani sote husoma kwa pamoja, kwa sauti, kama watu wanaosukuma gari. Binti yangu wa mwisho, aliye sekondari, nilikuwa nimemwona mara nyingi akikikodolea kitabu macho bila kutoa neno, na nilikuwa nikimhurumia nikidhani amekwama.

"Sijui kusoma kimya," nilikiri.

"Na huo mtihani, mtausoma kwa sauti?"

Hakika, chumba cha mtihani kilikuwa kimya. Hata ningekaa macho, ningekaa macho bure.

Jioni hiyo nilimwomba binti yangu anifundishe. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama msimamizi wa gereza.

"Mama, midomo inacheza."

"Haichezi."

"Inacheza, na shingo nayo inaitika. Soma kwa macho."

"Macho hayana ulimi, mwanangu."

"Mama!"

Mwalimu mkali zaidi, hata hivyo, alikuwa mashine. Nikiachanisha midomo kidogo tu, hewa ilinitoka kwa mlio wa kunisuta. Maneno yalikataa kuingia bila kutangazwa mlangoni. Nilirudia mstari mmoja mara saba, nikalia kidogo, machozi yakapulizwa pembeni na barakoa. Lakini usiku mmoja wa wiki ya nne nilifika chini ya ukurasa na kugundua kwamba sikuwa nimesikia kitu chochote, ilhali punda wa yule mkulima alikuwa amekufa na mimi nilikuwa namhuzunikia. Asubuhi yake uso kwenye kioo ulikuwa wa kijani. Saa saba bila kuvuja.

Mume wangu ndiye aliyeamka na macho mekundu.

"Nimekugusa mara tatu kuona kama upo," alilalamika. "Mtu anakoroma miaka yote, halafu ananyamaza ghafla. Mwenzake afanyeje?"

Siku ya mtihani nilikaa macho kwa saa mbili nzima, na hapo nikagundua jambo ambalo usingizi ulikuwa umenificha: mtihani ulikuwa mgumu. Nilifaulu kwa alama tatu juu ya kiwango. Mwalimu alinikabidhi cheti akanikumbatia, na nilimwuliza swali moja tu.

Jumatatu nilikalia kiti cha mapokezi mbele ya watu. Mteja wangu wa kwanza, bwana mnene aliyeleta suruali tatu, alisinzia kwenye benchi akisubiri, akakoroma, pumzi ikamkatika, akashtuka. Moyo wangu ulimwendea. Nilichukua kikaratasi na kumwandikia, kwa mwandiko wangu bora kabisa, siku na saa za kliniki ya usingizi. Alishukuru sana, akaondoka. Kwa furaha ya kuandika, sikuandika jina lake kwenye suruali hata moja. Tulizitafuta mpaka Ijumaa.

"Mama," mwenye duka aliniuliza, "hivi uko macho kweli?"

"Niko macho," nilimjibu, na aibu yote ikawa yangu, kwa maana sikuwa tena na usingizi wa kusingizia.