Panga la Papa Anaclet

Domitille alijua mume wake kapata wazo jipya kila alipomwona ameacha fufu sahanini. Anaclet alikuwa fundi wa jenereta mtaani Kadutu. Shule aliiacha mapema; ufundi alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua vitu vya watu na kuvirudisha. Mara nyingi vilirudi.

Mwaka huo alitengeneza ndege: mota ya pikipiki, mabawa ya turubai, na panga la mbele la kuvuta hewa, alilochonga kwa mkono. Kwenye uwanja wa parokia ndege ilinguruma, ikakimbia, ikainamisha pua kama mbuzi aliyeona maganda ya mihogo, ikazimika.

"Ilitaka kupanda," alisema Anaclet. "Ni uzito tu iliikataza."

"Uzito gani? Ni wewe!" alijibu Domitille.

Anaclet aling'oa mabawa, akafunga mota na panga nyuma ya mtumbwi, wakaenda ziwani. Domitille alivaa kitenge kipya, maana watazamaji hawangekosa. Mota ikawaka. Mtumbwi ukaondoka mbio, kinyumenyume.

"Papa Anaclet! Tunarudia nyuma!"

"Hapana, maman. Ni siye tulikaa mubaya. Geuka!"

Wakageuka. Wakapita wamenyooka kama wageni wa serikali mbele ya wavuvi, wakapigiwa makofi. Domitille alinuna, ingawa hakuwahi kwenda kasi vile majini.

Ufukweni alikuwapo sista mmoja, masœur Priscille, ambaye majani ya konventi yake yalikuwa yamefika magotini. Akaomba mashini ya kuyakata. Anaclet akalilaza panga chini ya bati, akaweka magurudumu.

Jumamosi masista walijaa barazani. Mashini ilinyoa vizuri mpaka Anaclet, kwa furaha, alipoongeza moto wa mota. Magurudumu yakaachana na ardhi. Mashini ikapanda usawa wa kiuno, mwenyewe akining'inia, ikavuka ua na kutua katikati ya maharage.

Anaclet akaibuka na majani kichwani, machozi yakimtoka. "Domi, uliona? Iliruka!"

"Niliona," alisema Domitille, naye akicheka na kulia.

"Papa Anaclet," masœur alisema, "kazi iendelee. Lakini hiyo kitu ibakie chini!"

Anaclet alisimama kama aliyeambiwa amfunge mtoto wake kamba. Ni Domitille aliyekaza kitenge, akaenda nyuma ya jiko, akarudi amekumbatia jiwe kubwa, akalifunga juu ya bati.

"Ya kuruka tutafanya siku ingine," alimwambia. "Leo tukate."