Hongera za Alhamisi

Kwa miaka tisa Kijiko alikuwa akiwaambia watu waende kula wapi. Hilo si jina la kuzaliwa. Lilikuwa jina la safu yake ya kila Jumamosi gazetini, likamganda, mpaka wenzake ofisini wakasahau lile alilopewa na wazazi, na mama yake mwenyewe akipiga simu siku ya utani humwuliza, "Kijiko, umeshiba?"

Hakuandika juu ya chakula cha kila siku. Aliandika juu ya milo yenye uzito: wapi pa kumpeleka baba anayestaafu, wapi pa kumtamkia mchumba neno bila meza ya jirani kusikia jibu, wapi pa kuwakalisha ndugu wawili wasiosemezana, penye milango miwili, ili mmoja akisusa atoke bila kumpita mwenzake. Watu walimwamini. Kila mahali alikula mara tatu kabla ya kuandika, na hakujitambulisha kamwe.

Mwaka huo mhariri wake alitaka makala kuhusu kuadhimisha ndoa. Kijiko akauchagua mkahawa mmoja wa zamani, chumba kimoja chenye meza kumi na moja, vitambaa vyeupe vilivyofuliwa mpaka vikalegea, na dirisha linalotazamana na duka la madaftari. Samaki wao wa kuoka alikuwa laini, hukai ukitafuta mwiba kila tonge. Mhudumu alikuwa mmoja tu, mwanamume aliyelazimika kuinamisha kichwa kila alipopita chini ya taa, na wateja walimwita Mrefu.

Alhamisi ya kwanza, mchana, waliingia mzee na mkewe. Mzee alikuwa na kioo kidogo cha fundi saa kinaning'inia shingoni kwa uzi, kama mtu aliyetoka kazini akasahau kukivua. Mkewe alivaa gauni la buluu na viatu vya kung'aa. Mrefu aliweka chini sahani alizobeba, akawafuata mlangoni, akawapeleka meza ya pembeni.

"Hongereni kwa siku ya ndoa yenu," akasema. "Leo miaka mingapi, mama?"

"Mitatu," yule bibi akajibu, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka kwa haya.

"Mitatu," mumewe akaitikia. Nywele zao wote wawili zilikuwa nyeupe pe.

Kijiko akadhani ni mzaha wao. Alhamisi iliyofuata akawakuta tena, gauni lile lile, meza ile ile, na Mrefu akawapongeza kana kwamba hajawahi kuwaona. "Leo miaka mingapi, mama?" Bibi akafikiri kidogo. "Kumi na tisa." Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Kumi na tisa, ndiyo. Imepita kama mchezo." Alhamisi ya tatu ilikuwa saba, na bibi akaongeza kwamba angependa mtoto wa pili awe wa kike. Mzee akamshika mkono, akasema, "Atakuwa wa kike, usiwe na shaka."

Walipoondoka, Kijiko alimwita Mrefu kana kwamba anataka maji. "Kaka, wale wazee wanaadhimisha ndoa kila wiki?"

Mrefu akatazama jikoni, kisha akainama. "Mama kumbukumbu zimemtoka, dada. Siku nyingi hamjui hata mzee mwenyewe. Lakini akiletwa hapa, akiambiwa hongera, anamjua. Anamjua mpaka wanapofika nyumbani. Mwaka wa pili huu." Akakunguta makombo mezani. "Hilo libaki hapa hapa, tafadhali. Mzee hajamwambia mtu."

"Limebaki," Kijiko akasema, na wakati anasema alimaanisha.

Siku ya Ijumaa akapeleka makala. Mhariri akamrudishia kabla hata kiti hakijapata joto. "Umeandika kama mtu anayehesabu vyombo," akamwambia. "Viti, taa, samaki. Mtu yuko wapi humu?"

Kijiko akarudi kwenye meza yake. Akajiambia kwamba hatataja jina la mtu, na kweli hakuwa na jina la kutaja. Akaandika habari za gauni la buluu, kioo cha fundi saa, meza ya pembeni, Alhamisi mchana, na ile miaka inayopanda na kushuka. Akaandika kwamba ukitaka kujua ndoa ni nini, nenda ukaketi karibu na meza ile. Aliandika kwa mkupuo, bila kufuta neno, na alipomaliza macho yalikuwa yamelowa. Mhariri akasoma, akasema, "Sasa hii ndiyo."

Jumamosi simu yake haikutulia. Watu walimwandikia kwamba wamelia kwenye foleni ya benki, kwamba wamewapigia wake zao waliogombana nao. Hakuna makala yake iliyowahi kupendwa hivyo. Mara moja moja lile neno *limebaki* lilimchoma mahali fulani, akalifukuza. Nimewasifu, alijiambia. Nani anaumia kwa kusifiwa?

Alhamisi akaenda. Alijidanganya kwamba anakwenda kwa ajili ya samaki, lakini alitaka kuona. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka duka la madaftari. Mwenye mkahawa, mama mmoja mnene mchangamfu, alikuwa akihangaika na viti vya kuazima. Kijiko akasimama nyuma na koti lake la kijani, na moyoni, kusema kweli, alijisikia fahari.

Wazee wakatokea saa sita na nusu. Foleni ikanyamaza, halafu ikaanza kunong'ona, halafu mtu akapiga makofi na wengine wakafuata. Simu zikainuliwa. Mzee akasita, akatazama nyuma yake kuona nani anapigiwa makofi. Mwanamke mmoja, machozi yanamtiririka, akamshika bibi mikono yote miwili.

"Hongera, mama! Tumekusoma! Leo miaka mingapi? Tuambie, leo mingapi?"

Bibi akaangalia uso huo unaolia. Akaangalia watu waliojaa hadi barabarani, na viti vya kuazima vilivyopangwa nje.

"Nani amekufa?" akauliza.

Makofi yakakatika.

"Nani amekufa? Mbona watu wengi hivi?" Sauti ikapanda. "Mume wangu yuko wapi? Ni yeye? Mume wangu yuko wapi?"

"Niko hapa," mzee akasema. "Mimi hapa, nitazame." Lakini bibi alimsukuma kama mtu asiyemfahamu, akawa analia kwa sauti, jina la mumewe likimtoka huku mumewe mwenyewe amemshika bega. Mrefu alitoka mbio ndani, akawasukuma watu kando, akawapakia wazee kwenye teksi.

Na Kijiko? Kijiko alisimama pale pale. Hakwenda mbele, hakusema ni mimi, hakuwaambia hata wale wenye simu waziteremshe. Alivua koti lake taratibu, ingawa kulikuwa na baridi, akalikunja kwapani, akaondoka.

Wiki mbili hakula vizuri. Kila alipofunga macho alisikia lile swali, nani amekufa. Wasomaji wakaendelea kumsifu na kila sifa ikamwingia kama msumari. Wiki ya tatu akarudi mkahawani asubuhi, kabla hapajafunguliwa. Makala yake ilikuwa imewekwa kwenye fremu ya kioo kando ya mlango. Mrefu alikuwa akifuta glasi.

"Hawajarudi?" Kijiko akauliza.

Mrefu hakuinua macho. "Nilijua ni wewe. Hakuna mwingine aliyeniuliza."

"Kaka, nisamehe. Mimi sikufikiri kwamba..."

"Nilikuambia ukiwa unakula," Mrefu akasema. "Sikukuambia ukiwa unaandika." Akaiweka glasi kwenye rafu, akachukua nyingine. "Mzee aliniamini mimi. Siku ile kwenye teksi hakuniambia kitu. Alinitazama tu. Ungejua macho yale."

Kijiko akamwomba amwelekeze nyumbani kwao. Mrefu akakataa. Kijiko akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne Mrefu akamwandikia mtaa nyuma ya karatasi ya oda, pengine kwa kuchoka tu.

Fundi saa alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na kutoka pale alipokaa aliweza kuona kiti ambacho mkewe alilalia akiwa ameegemeza kichwa kwenye mto. Saa za ukutani zilikuwa nyingi, kila moja na wakati wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta saa?"

"Hapana, mzee. Mimi ndiye niliyeandika gazetini."

Mzee akavua kile kioo jichoni, akakiweka mezani polepole. Akamwonyesha kigoda. Kijiko alikuwa ameyapanga maneno yake tangu usiku, lakini yalimtoka vipande vipande. Akasema aliahidi kutosema. Akasema mhariri alitaka mtu. Akasikia jinsi hilo linavyosikika, akalikata katikati.

"Uliandika vizuri," mzee akasema. "Ungeandika vibaya ningekukasirikia nikamaliza. Binti yangu anakaa mbali. Akipiga simu nilikuwa namwambia mama yako amelala, mama yako yuko bafuni, mama yako ametoka kidogo. Mwaka mzima na nusu. Akasoma gazeti, akalijua gauni. Yeye ndiye aliyelinunua." Akatupia jicho mlango wa ndani. "Sasa anapiga kila siku, analia kwamba nilimficha mama yake. Na ni kweli nilimficha. Hilo ni langu, si lako. Yaliyobaki ni yako."

"Siku ile nilikuwepo," Kijiko akasema. "Kwenye foleni. Nilimwona mama akilia, sikufanya kitu. Nikaondoka."

Mzee akainua macho. "Hilo sikulijua. Hukulazimika kuniambia."

"Najua."

Ndani bibi akajigeuza, akaguna. Wote wawili wakangoja mpaka akatulia.

"Nitaandika Jumamosi hii," Kijiko akasema kwa sauti ya chini. "Nitaomba radhi mbele ya wote waliosoma. Nimeshaianza."

Hapo ndipo mzee alipokasirika. Hakupaza sauti, ila vidole vilibana ukingo wa meza. "Usithubutu. Ukiomba radhi gazetini watakuja tena, safari hii kunipa pole. Watanitafuta mpaka hapa. Utapata nafuu wewe, halafu mimi nitafunga mlango."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Kaa nayo moyoni," mzee akasema. "Na ile karatasi mlangoni kwa yule mama wa mkahawa, iondoe. Nimeambiwa ipo."

Kumwambia mwenye mkahawa ilikuwa kazi nyingine. Yule mama alimkumbatia alipojua ndiye Kijiko, akamwita mwanangu, akamketisha, akaagiza keki. Ilibidi Kijiko aisukume ile keki pembeni na kueleza kila kitu, na kuutazama uso wa mama yule ukizimika kidogo kidogo.

"Mimi nilidhani wameugua," mama akasema. "Na mimi niliazima viti! Niliazima viti kwa mikono yangu." Akatazama chumba chake kilichojaa, meza zote kumi na moja, watu wakila na kucheka. Mtu angesema anapima hasara na faida. Kisha akainuka, akaing'oa fremu pamoja na msumari wake, akaiingiza kabatini chini ya vitambaa. "Mrefu!" akaita. "Kamwambie mzee, Alhamisi saa tano tunakuwa hatujafungua. Mlango utakuwa umerudishiwa tu. Asibishe hodi, aingie."

Zikapita Alhamisi nne za bure. Alhamisi ya tano Mrefu akapiga simu. Kijiko alikuwa ofisini, akatoka nayo mpaka kwenye ngazi.

"Wamekuja," Mrefu akasema.

"Eh! Na mama?"

"Hakutaka kwenda pembeni. Akakaa kiti cha kwanza karibu na mlango, mkoba umekaa mapajani kama mtu anayengoja gari. Nikampa hongera. Akaniuliza, kwa lipi? Mzee akamwambia, kwa kuja."

"Alimtambua?"

"Alikula supu. Vijiko vitatu, vinne. Alimwita mzee 'bwana,' alimshukuru kwa kumsindikiza. Halafu akaomba arudishwe kwao."

Kijiko akaketi kwenye ngazi. Mhasibu wa ofisi alikuwa anapanda, Kijiko akampisha kwa kubana magoti.

"Watarudi wiki ijayo?"

"Mzee kasema ataona. Amesema binti yao anakuja kukaa nao mwezi mmoja, labda wataletwa na yeye."

"Kaka... mzee alisema lolote kuhusu mimi?"

"Hapana, dada," Mrefu akasema, bila ukali. "Hakukutaja."

Akamshukuru. Mrefu akasema ana meza za kutandika, akakata simu. Kijiko alibaki pale kwenye ngazi na simu mkononi, na kitu kama nafuu kikaanza kumpanda kifuani kwa kuwa wamekuja, kwa kuwa angalau wamekuja. Akakiona kile kitu kilivyo, akaona haya. Juu mhariri alikuwa akimwita, mara ya pili sasa. Akajifuta uso kwa upindo wa mkono wa blauzi, akasimama, akapanda.